Usinipunguzie Bei

Mashine ya kadi ilitoa mlio wa kukataa, mlio wa mtu anayekusonya hadharani, na foleni nzima ya supamaketi ikasonya nayo.

"Jaribu tena, dada," keshia akasema, huku macho yake yakisema ondoka.

Dada akajaribu tena. Mashine ikasonya tena. Kwenye kitoroli chake kulikuwa na unga, sukari, siagi na trei za mayai zilizopandana kama ghorofa. Mtaani kwake walimwita Keki, maana ndiyo kazi yake: alioka keki za harusi, keki za kuzaliwa, na mara moja moja keki ya mume aliyelala nje anayetaka kufunguliwa mlango. Siku hiyo alikuwa na gauni la njano, kilemba cha zambarau, na unga kidogo kwenye nyusi ya kushoto ambao yeye mwenyewe hakujua kama upo.

"Kadi hiyo umeiokota, au?" sauti ya kiume ikauliza nyuma yake.

Keki akageuka taratibu, kama mtu anayechagua pa kupiga. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, mkononi kashika kipande kimoja tu cha sabuni.

"Kadi ni yangu. Imetoka benki jana."

"Ndiyo maana. Haijakuzoea."

Watu wakacheka. Keki hakucheka, ingawa kona ya mdomo ilimsaliti kidogo. Keshia akaeleza kwamba kadi mpya lazima kwanza ipelekwe ATM, mwenyewe uchague namba ya siri, ndiyo ianze kazi. Hawakukuambia?

"Waliniambia mengi," Keki akajibu. "Hilo wakaliruka."

"Nenda, ATM iko pale mlangoni," yule wa sabuni akasema. "Mimi nakulindia mayai."

"Nikuamini vipi?"

"Mtu aliyekuja kununua sabuni moja atakimbia na trei ngapi?"

Keki akaenda. ATM nayo ilikuwa na foleni yake, na mbele kabisa alisimama baba mmoja anayesoma kila kitu kwenye kioo kwa sauti. Aliporudi, jasho linamtoka, foleni ya kwanza ilikuwa imeisha yote. Kijana alikuwa bado amesimama kando ya kitoroli, sabuni mkononi, kama askari wa lindo.

"Si ulikuwa na haraka wewe?"

"Nilikuwa nayo."

"Na sasa?"

"Sasa nimesahau nilikokuwa nakwenda. Una unga kwenye nyusi. Usiufute, unakupendeza."

Kadi ikapita. Na namba ya simu nayo ikapita, kutoka huku kwenda kule.

*

"Haloo?"

"Mlinzi wa mayai hapa. Yamefika salama?"

"Mawili yamepasuka."

"Hayo yalinionea wivu."

Ndivyo walivyoanza. Simu asubuhi kabla ya kazi, simu mchana kijana akiwa kwenye kona ya stoo ya kazini, simu jioni mpaka sikio linachemka. Kijana aliuza vyombo vikubwa vya jikoni, friji na majiko na oveni, kwenye duka lenye vioo mpaka juu. Wenzake walimpa jina la Bei Poa, maana mteja hakutoka mikononi mwake bila kupunguziwa japo kidogo. Keki akalifupisha, akamwita Poa. Yeye alimwita Keki wangu, na akitaka kumchokoza, Sponji.

"Sponji, leo umevaa nini?"

"Aproni."

"Na ndani ya aproni?"

"Hasira. Oveni imezima tena na keki ya watu imo ndani. Upande mmoja imeungua, upande wa pili mbichi."

"Nikuuzie nyingine basi. Si ndiyo kazi yangu?"

Hapo ndipo Keki alipotabasamu peke yake gizani, jikoni, fyuzi ikiwa imekatika. Maana kadi ile ilikuwa na kisa chake.

Binti mmoja wa benki, mwenye lipstiki nyekundu na meza yenye maputo, alikuwa amemweleza hivi: hii ni kadi ya mkopo, ukiitumia kununua vitu vya kiasi fulani ndani ya miezi mitatu ya kwanza, tunakupa pointi za zawadi, na hizo pointi zinatosha tiketi mbili za ndege, kwenda na kurudi. Kiasi chenyewe kilikuwa kikubwa, si cha mtu wa kununua mayai. Lakini Keki alikuwa amejiwekea akiba muda mrefu ya oveni ya kibiashara, ile ya milango miwili. Akakokotoa kichwani palepale. Nikinunua oveni kwa kadi, na unga wangu humohumo, nafika na kuzidi kidogo. Kesho yake nalipa benki kwa akiba yangu, riba hainigusi. Oveni ndani, tiketi mkononi.

Na tiketi hizo hazikuwa za kwenda kupiga picha. Mama yake alikuwa ng'ambo kwa dada mkubwa, akilea wajukuu mapacha, na miguu yake ilishakataa habari ya kupanda ndege. Kila Keki alipomwambia kwenye simu kwamba kuna mtu, mama alijibu lile lile.

"Mkwe wa kwenye simu mimi sitaki. Kwenye simu kila mwanaume ana sauti nzuri. Mlete nimwone anavyokula."

Kwa hiyo tiketi ya kwanza ya Keki, ya pili ya Poa. Yeye Poa hajui. Keki alitaka kumwekea mezani siku moja, kama keki iliyofunikwa, afunue mwenyewe, amwone uso.

Oveni ya milango miwili haikuwepo dukani. Ikaagizwa. Ikachelewa. Simu zikabadilika.

"Poa, imefika?"

"Iko njiani, mpenzi."

"Njia gani hiyo isiyofika?"

"Mbona una presha na chuma? Mimi hujaniuliza nimefika au sijafika."

"Wewe huna tarehe ya mwisho!"

Kwenye simu yake kulikuwa na mstari wa kijani wa benki, unaoonyesha umenunua kiasi gani na umebakiza kiasi gani. Alikuwa akiuangalia kabla ya kupiga mswaki. Oveni ilipofika hatimaye, ofa ilikuwa imebakiza wiki ile ile tu. Jumamosi inafungwa.

*

Alikwenda na gauni jekundu la kubana na hereni ndefu, kama anayekwenda harusini. Na kweli moyoni mwake ilikuwa harusi. Oveni ilisimama katikati ya duka, inang'aa, milango miwili imefungwa kama bwana mkubwa aliyekunja mikono. Poa alikuwa na tai siku hiyo, na uso wa mtu aliyeficha kitu nyuma ya mgongo.

"Keti hapa, Keki wangu. Leo huulizi chochote. Lete kadi tu."

Akaipeleka mwenyewe kwa keshia. Keki akabonyeza namba ya siri, roho juu. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikatoa karatasi. Imepita! Keki akarusha mikono, akamkumbatia Poa mbele ya wateja, bosi wa duka akakohoa. Kisha akafungua simu, autazame ule mstari ukijaa.

Haukujaa. Ulisogea, ukasogea, ukasimama karibu kabisa na mwisho, kama mtu aliyeishiwa pumzi mlangoni.

Akaisoma risiti. Akaisoma tena.

"Poa. Hii bei ni ya nini?"

"Ya oveni yako." Sasa anacheka mpaka magego yanaonekana. "Nimekupunguzia. Nimemlilia bosi tangu juzi, na kamisheni yangu yote nimeiweka humo. Usiniambie asante."

"Sikuambii."

"Eh?"

"Nani kakuomba unipunguzie? Nani?"

Wateja wote wakageuka. Hata friji zilionekana kama zimeacha kunguruma.

"Jamani," Poa akasema, anageukia wateja kama anaomba mashahidi. "Mtu wa kwanza duniani kunigombeza kwa sababu kalipa kidogo!"

"Rudisha bei yangu! Bei ya kwenye karatasi, ile ile! Ndiyo niliyoijia!"

Wakaenda kwa mhasibu, mzee mwenye miwani kwenye ncha ya pua. Akasikiliza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kufuta malipo ya kadi, binti yangu, benki inachukua wiki mbili. Ndiyo ulipe upya."

"Jumamosi inafungwa!"

"Inafungwa nini?"

"Basi niongeze tu ile tofauti. Nilipe sasa hivi."

"Ya kitu gani? Siwezi kukuandikia risiti ya hewa."

Nje ya ofisi ya mhasibu, kati ya majiko na mabomba, Poa akamshika mkono. Cheko lote lilikuwa limemtoka.

"Niambie kuna nini. Mimi sielewi kosa langu."

Keki akamweleza, kwa pumzi za mkato: kadi, kiasi, pointi, tiketi mbili, na sasa kwa ajili ya huruma yake hakuna hata moja.

"Tiketi mbili." Poa akaurudia mdomoni ule wingi. "Wewe na nani?"

Hapo neno moja lingetosha. Lakini Keki alikuwa anachemka, na alikuwa amelitunza neno hilo kwa miezi, na hakutaka kulitupa hapa, kwenye harufu ya plastiki mpya, huku anagombana.

"Na mtu wangu," akasema.

"Aha." Poa akauachia mkono. Akairekebisha tai ambayo haikuwa na shida yoyote. "Mtu wako."

"Poa, subiri..."

"Gari la mizigo liko nyuma. Watakusaidia kuipakia. Hongera ya oveni, dada."

Dada! Keki angepigwa kofi asingeumia hivyo.

*

Oveni ikaingia jikoni, ikakaa vizuri, ikaoka vizuri, na Keki akaichukia vizuri. Kila akiiona inamchekea kwa milango miwili. Alimpigia Poa, simu ikaita mpaka ikakata. Akatuma ujumbe, ukasomwa, ukaachwa hivyo hivyo kama mtoto wa jirani mlangoni. Akapiga benki. Muziki. Bonyeza moja. Bonyeza nne. Muziki tena. Mwisho akaja kijana mwenye sauti ya asali.

"Kiasi ni kiasi, mpendwa mteja. Naweza kukusaidia kwa lingine?"

"Unaweza kumpigia mtu mmoja ukamwambia ni mpumbavu?"

"Huduma hiyo hatuna, mpendwa mteja."

Unga wa kujaza pengo lile ungeingiwa na wadudu kabla haujaokwa, kwa hiyo akaenda kwa shangazi. Shangazi aliuza nguo za watoto sokoni, mwili mkubwa, sauti kubwa, mkoba umebanwa kwapani muda wote. Kwa bahati alikuwa na mpango wa friji, na fedha taslimu za friji hiyo zilikuwa humo kwapani. Keki akamweleza yote, mpaka habari ya tiketi ya pili. Utanipa mimi hizo taslimu, friji nailipia kwa kadi yangu, mstari unajaa, tumemaliza.

"Lakini shangazi, nakuomba kitu kimoja tu. Wakikutajia bei, ndiyo hiyo hiyo. Usipatane."

"Nimekuelewa, mwanangu. Mimi mtoto?"

Friji aliyoitaka shangazi, na hakutaka nyingine, ilikuwa kwenye duka lenye vioo mpaka juu. Keki akasema haidhuru. Akavaa hereni. Akazivua. Akazivaa.

Poa aliwaona wakiingia, akanyooka kama anayekaguliwa.

"Karibuni. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii kiasi gani?"

Akataja. Keki akashusha pumzi: inatosha, inatosha na kubaki. Shangazi akafungua mdomo kusema haya. Na kweli alitaka kusema haya, baadaye aliapa hivyo. Lakini mdomo ule ulikuwa umepatana bei tangu kabla Keki hajazaliwa.

"Hiyo bei ya kuiuza, au ya kunifukuza?"

"Shangazi!"

"Namuuliza tu."

"Bei ndiyo hiyo, mama," Poa akasema, anamwangalia Keki kwa jicho la pembeni. "Siku hizi sipunguzi. Nimeshakoma."

"Hukukoma, una kiburi. Tazama, mlango una mkwaruzo."

"Huo ni uchafu wa kidole, mama. Unafutika."

"Kwa hiyo mnauza na uchafu?"

"Shangazi, twende tukalipe," Keki akanong'ona, anamvuta mtandio.

"Niache! Kijana, unanionaje? Nimeleta mwanangu, nimeleta fedha, unanikazia shingo kama nimekuja kukopa?"

"Mama, nakuomba, nunua tu kwa bei hii. Nakuomba!" Poa sasa anatokwa na jasho, muuzaji anayembembeleza mteja asipunguziwe.

Bosi akasikia kelele. Akaja na tumbo lake na tabasamu lake. "Kuna nini? Mama mtu mzima hivi? Mpunguzieni!" Na akapunguza yeye mwenyewe, kwa kalamu yake, pakubwa, kisha akaondoka amejipenda.

Wakalipa. Mstari wa kijani ukasogea. Ukabakiza kipande chembamba, cha kutia hasira kuliko kile cha kwanza.

Keki akakaa juu ya boksi la jiko, akajifunika uso.

"Nisamehe, mwanangu," shangazi akasema, sauti imemshuka ghafla. "Mdomo uliniponyoka wenyewe." Kisha akamgeukia Poa, maana hasira lazima iende mahali. "Na wewe! Unasimama hapo kama nguzo wakati mwenzio anahangaikia tiketi yako?"

"Yangu?"

"Ya nani tena, ya mwenye duka? Mama yake kasema hampokei mkwe mpaka amwone anakula. Mtoto anachoma mkono kwenye oveni kwa ajili yako, unamwita dada!"

Keki hakuinua uso. Miezi yote ya kuficha, na limefunuliwa na shangazi, mbele ya friji.

Poa alichuchumaa mbele ya boksi.

"Mtu wako ni mimi?"

"Alikuwa wewe," Keki akasema kwenye viganja.

"Ofa inafungwa lini?"

"Kesho."

"Kesho asubuhi usiwashe oveni."

*

Alimpeleka kwa sonara. Chumba chembamba, taa kali, na nyuma ya kioo mzee mpole mwenye lenzi jichoni. Poa alikuwa na shati lile lile jeupe la siku ya sabuni, na bahasha iliyonona mfuko wa nyuma. Keki alipoona pete zimepangwa kwenye kitambaa cheusi, akasimama pale pale mlangoni.

"Hapana."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nakuwahi. Unanioa mimi, au unaoa pointi?"

"Pointi zingekuwa na mdomo kama wako, ningezikimbia."

"Mimi sitanii, Poa. Nimechoka. Sitaki kuja kuwasimulia wanangu kwamba baba yenu alinichumbia kwa sababu mstari wa benki ulikuwa umebakia kidogo."

Poa akatoa bahasha. "Hii ilikuwa ya pikipiki. Nilisema ninunue pikipiki kwanza, nipate na mdomo wa kusema, nikuoe mwakani. Jana nimeona wewe umeshanikatia tiketi, mimi bado nachagua pikipiki. Nimeona aibu, Keki. Basi. Kama hutaki, tununue saa ya ukutani ya dhahabu, mstari ujae, kila mtu aende kwao. Lakini mimi nataka pete."

Keki akamtazama. Alikuwa bado na hasira, nyingi tu. Lakini ilikuwa imehama, haikujua imkalie nani.

"Ile ndogo," akasema, kidole kwenye kioo. "Yenye jiwe la bluu. Na usidhani nimekusamehe lile dada."

Mzee akaitoa, akaipima, akataja bei. Keki akaangalia simu. Inajaza mstari, na punje inabaki.

"Mnaoana?" mzee akauliza, uso wote umelainika. "Haya, kwa kuwa ni wachumba, nitawapunguz—"

"Hapana!"

Walisema wote wawili, kwa nguvu, mpaka lenzi ikamdondoka mzee jichoni.

"Usinipunguzie, baba," Poa akasema, kashika kioo kwa mikono miwili. "Nakuheshimu sana, ila usinipunguzie hata kidogo. Ya leo nataka kuilipa yote."

Poa akampa Keki bahasha, Keki akaichomeka mkobani akampa mzee kadi. Mashine ikafikiri. Ikafikiri mno. Keki akaanza kuitukana chinichini, jina baada ya jina, na mkono wa Poa ukaja juu ya wake, wenye jasho. Karatasi ikatoka. Na kwenye simu ule mstari ukasogea mpaka ukutani.

Poa akachukua kile kiboksi, akaanza kupiga goti.

"Inuka," Keki akasema. "Irudishe mfukoni."

"Tena? Si umeichagua wewe?"

"Nimeichagua, na wewe nimekuchagua. Lakini siivai mpaka mama yangu akuone. Utanivalisha mbele yake, ukishamaliza kula."

Akampigia mama hapo hapo, sauti wazi. Ng'ambo mapacha walisikika wanagombania kitu, na mama anawafokea katikati ya haloo.

"Mama, tunakuja. Wawili."

"Wawili? Tiketi za bei hiyo mmepata wapi?"

Keki akamsimulia. Oveni, friji, pete, mzee wa lenzi.

"Ngoja nielewe," mama akasema. "Mwanaume huyo kaingia kwa sonara, kaambiwa bei, sonara mwenyewe anataka kumpunguzia, yeye kakataa?"

"Ndiyo, mama."

"Yupo hapo?"

"Shikamoo, mama," Poa akasema, ameinamia simu kama anainamia mtu.

Mama kwanza aliwaambia mapacha wanyamaze. Alivuta pumzi ndefu.

"Marahaba," akasema. "Mwanangu, mlete huyo upesi. Mlete kabla duka lingine halijamwona."